Tupu Si Sifuri: Barua ya Mama Mdogo na Vitabu vya Mwongozo

Nimerudi Dar juzi kutoka nyumbani, Chiwata. Kwa wale ambao kusini wanaisikia wakati wa msimu wa korosho tu, Chiwata ni kata ya wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, upande ule ambao ardhi inaanza kupanda kuelekea uwanda wa juu wa Wamakonde. Ni mahali pa zamani pa misheni ya Waanglikana. Kuna mikorosho, kuna mihogo, na mtu aliyekulia huko anajua thamani ya ndoo moja ya maji.

Safari hii sikurudi na korosho tu. Nimerudi na barua.

Barua yenyewe ni ya mama yangu mdogo, ambaye alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja ya pande za kwetu hadi alipostaafu. Nilimkuta anapanga makaratasi yake kwenye sanduku la bati. Baada ya shikamoo na marahaba akanipa nisome. Imepigwa kwa taipureta, ya mwaka 2001. Inamtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini katika robo mwaka nzima hakuna hata mtoto mmoja aliyechanjwa surua katika kituo chake. Pia inamkumbusha wajibu wa kuhamasisha wananchi.

"Mama mdogo, kwani ilikuwaje?"

"Friji halikuwa na gesi, mwanangu. Chanjo ningeihifadhi wapi? Akina mama walikuja, nikawarudisha. Kwenye fomu nikaacha kisanduku wazi, nikaandika pembeni kwamba gesi imekwisha. Huko juu wakasoma sifuri."

Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka alikuwa na hasira kwa muda mrefu na sisi watoto hatukujua kisa. Nilipoisoma barua ile nikadhani ni habari ya bosi mkali asiyesikiliza. Lakini kazi yangu ya uandishi imenikutanisha na kompyuta za serikali mara kadhaa, na sasa naamini tatizo lilikuwa jingine. Kati ya kisanduku kilichoachwa wazi na sifuri kuna tofauti kubwa sana, na tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye vitabu vya mwongozo miaka mingi kabla ya 2001. Haikumfikia aliyeihitaji.

Haya, twende taratibu.

Programu ninazozizungumzia ni zile za kutunza kumbukumbu zinazoendeshwa kwa menyu. Mtumiaji haandiki amri. Kioo kinampa orodha: ingiza taarifa, tafuta, chapa ripoti, toka. Anachagua namba au herufi, anabonyeza, inakuja orodha nyingine. Kama umewahi kutuma pesa kwa M-Pesa, iliyoanza hapa kwetu mwaka 2008, basi menyu unaijua vizuri. Uzuri wake ni kwamba hata mtu asiyejua kompyuta anaweza kufanya kazi. Ubaya wake ni kwamba menyu inakuambia ubonyeze nini, haikuambii kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo kazi ya kitabu cha mwongozo.

Na vitabu hivyo vilikuwa kwa lugha gani? Hapa ndipo historia inapoanza kuchekesha, kama si kuliza.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Barua, mafaili, mikutano, vyote vikaelekezwa kwenye lugha ya wananchi. Mashine ya Wizara ya Fedha haikupata habari. Yenyewe iliendelea na Kiingereza chake. Kwa hiyo tangu mwanzo serikali moja ilikuwa na lugha mbili, moja ya karatasi na moja ya mashine.

Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwenda mrama. Makosa yalikuwa mengi, fedha za kigeni zilitumika, na wataalamu waliojua mambo walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Vijana wengi wa leo wakisikia hilo wanamcheka Mwalimu. Mimi sicheki haraka hivyo. Ukinunua mashine ambayo maelezo yake yanaeleweka na mtu aliyekuja na ndege tu, siku akipanda ndege kurudi kwao unabaki na kabati la chuma linalopiga kelele. Tatizo lilionekana. Dawa iliyochaguliwa ni kufunga mlango badala ya kutafsiri kitabu.

Mlango ulianza kulegea katika miaka ya 1980, wakati kompyuta ndogo za mezani zilipoenea duniani. Na hapa kuna mwaka mmoja naomba uukumbuke: 1985.

Mwaka huo Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi IBM huko California, alitangaza kanuni zake 12 maarufu za kupima kama programu ya kutunza kumbukumbu inastahili jina hilo kwa mfumo alioubuni yeye mwenyewe mwaka 1970. Kanuni ya tatu inasema, kwa maneno yangu: programu lazima iweze kuonyesha kwamba taarifa haipo, na kutokuwepo huko kusichanganywe na sifuri wala na nafasi tupu ya maandishi. Soma tena sentensi hiyo. Ni utetezi kamili wa mama yangu mdogo, umeandikwa miaka 16 kabla ya barua yake!

Desemba ya mwaka huo huo, UNESCO walitoa toleo la kompyuta ndogo la programu yao iitwayo CDS/ISIS, iliyoongozwa na Giampaolo Del Bigio. Mizizi yake ilikuwa programu ya Shirika la Kazi Duniani ya miaka ya 1960, iliyohitaji mashine kubwa. Hii mpya ilienea kwenye disketi, na ilitolewa bure kwa taasisi zisizofanya biashara. Ndiyo maana ikazagaa kwenye maktaba na vituo vya kumbukumbu vya nchi maskini, pamoja na maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro.

Ukiifungua ile CDS/ISIS ya zamani unakutana na menyu ya herufi. E ni kuingiza taarifa, S ni kutafuta, P ni kuchapa, X ni kutoka. Na kuna herufi L. Kazi ya L ni kubadilisha lugha ya mazungumzo kati yako na mashine. Menyu zenyewe ziliwekwa kwenye mafaili ambayo mtumiaji aliruhusiwa kuyahariri, na kitabu cha mwongozo kilieleza namna ya kufanya. Haikuhitaji kuwa mtaalamu wa kuandika programu. Zaidi ya hayo, lugha yake ya kupanga ripoti ilikuwa na alama ya kuuliza kama taarifa fulani ipo, P, na nyingine ya kuuliza kama haipo, A. Kwa maana nyingine, tupu ilikuwa na heshima yake.

Sasa linganisha na dBase, programu ya Kimarekani iliyotamba kwenye ofisi nyingi wakati huo. Matoleo ya mwanzo yalikukaribisha kwa nukta moja kwenye kioo, basi. Nukta inakutazama, unaitazama. Toleo la III Plus likaleta menyu, watu wakapumua. Lakini ndani yake, kisanduku cha namba kilichoachwa bila kujazwa kilihesabiwa kama sifuri. Programu haikuwa na njia ya kusema "sijui". Aliyesoma mwongozo kwa makini angejua, akaweka kisanduku kingine cha ndiyo au hapana pembeni. Aliyeishia kwenye menyu asingejua kamwe.

Tuje kwenye afya, maana barua yangu inatoka huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha mfumo ambao kila muuguzi Tanzania anaujua kwa jina moja tu: MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Jina la Kiswahili safi. Ulikuja na vitabu vyenye namba. Namba 5 ni wagonjwa wa nje, namba 6 ni wajawazito, namba 7 ni watoto, namba 8 ni uzazi wa mpango, namba 12 ni waliojifungua. Na kitabu namba 1, ndugu zangu, ni mwongozo. Nampigia saluti aliyepanga hivyo. Kabla hujaandika jina la mgonjwa wa kwanza, unaanza na kitabu kinachokueleza unafanya nini.

Mama mdogo alivijua vitabu vile kama wengine wanavyojua Zaburi. Jioni alikuwa anahesabu kwa vijiti, vinne wima na cha tano kinawakata, huku sisi tukimshikia kibatari. Tatizo halikuwa kwenye karatasi. Karatasi ina pembeni. Ukikosa mahali pa kuandika jambo, unaliandika pembeni. Fomu ilitoka zahanati ikaenda wilayani, ikajumlishwa kwa mkono na za vituo vingine, ikapanda mkoani ambako ndiko kompyuta zilikokuwa, kisha wizarani. Kwenye kompyuta hakuna pembeni. Maneno "gesi imekwisha" hayakuwa na kisanduku, kwa hiyo yalifia njiani. Kilichofika ni nafasi wazi, na nafasi wazi kwenye kujumlisha ni sifuri.

Ona sasa maana inavyopinduka. Tupu ilisema: watoto walikuja, serikali haikuleta gesi. Sifuri ikasema: gesi ipo, watoto hawakuletwa. Lawama ikahama kutoka ghalani ikaenda kwa mama mwenye mtoto mgongoni na muuguzi aliyemrudisha. Kosa dogo la kuingiza taarifa, lakini lina mkosaji mpya.

Miaka michache iliyopita nilifuatilia habari nyingine kwenye ofisi moja ya umma, siitaji. Nilimwomba kijana aliyekuwa akiingiza taarifa anionyeshe mwongozo wa programu anayotumia. Akaninyooshea kidole rafu ya juu. Kulikuwa na jalada nene la Kiingereza, vumbi limelala juu yake kwa amani. "Na wewe unatumia nini?" Akafungua droo akatoa kaunta buku. Ndani, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, kulikuwa na mwongozo halisi kwa Kiswahili: bonyeza hapa, subiri, ikiandika hivi usiogope, ikilia mara mbili anza upya. Ukurasa mmoja ulisema: "Usiache wazi, itakataa. Weka 0."

Nilicheka siku ile. Baada ya kuisoma barua ya mama mdogo sicheki tena. Ile sentensi ya kaunta buku ilikuwa ya kiutendaji kabisa, imeandikwa na mtu mwenye nia njema anayetaka kazi iishe kabla ya saa tisa na nusu. Hakumwonea mtu. Ni kwamba jalada la rafuni lilikuwa kwa lugha ambayo kwake ni ya mtihani, si ya kazi. Kwa hiyo wafanyakazi walijitafsiria wenyewe, na walichotafsiri ni vidole. Sababu zilibaki rafuni.

Najua kuna watakaosema Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Faili, hariri, hifadhi, msaada. Walikaa chini, wakatengeneza faharasa, wakabishana, wakamaliza. Microsoft nao wakafuata na Kiswahili chao. Na hata bila faharasa, mama mdogo alinieleza kanuni ya tatu ya Codd kwa maneno mawili, wazi na sifuri, akiwa anapepeta mchele.

Kuna jambo jingine la huku kwetu linalonikereketa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaja kuanzisha makazi Masasi. Steere huyo huyo, mwaka 1870, alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kwa Kiingereza, ili wageni waweze kuzungumza na sisi. Mgeni alijua kwamba huwezi kufanya kazi na watu bila kitabu kinachotafsiri kati yenu. Akatumia miaka kukiandaa. Serikali yetu wenyewe, kwa mashine zake yenyewe, haikuona umuhimu wa kitabu cha namna hiyo kinachoelekea upande wetu.

Ili nisionekane mlalamishi tu, niseme yaliyobadilika. Mwaka 2004 watafiti walipita kaya zaidi ya 20,000 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, wakiwa na kompyuta za kiganjani badala ya madodoso ya karatasi. Jibu lisiloeleweka linaonekana pale pale mlangoni kwa mwenye nyumba, wakati bado unaweza kumuuliza, si miezi baadaye mbele ya mtu asiyejua Newala iko wapi.

Kwa upande wa MTUHA, ilikuja DHIS. Ilizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na vyuo vya nchi nyingine, cha Dar es Salaam kikiwemo. Zanzibar walitangulia kuanza nayo mwaka 2005. Toleo la pili, DHIS2, linalotumia intaneti, lilisambazwa Bara na kufika nchi nzima mnamo 2013. Ni programu ya wazi na ya bure, na imetengenezwa ikijua kwamba dunia ina lugha nyingi. Kwenye masuala ya takwimu za afya ni hatua kubwa.

Lakini hata humo, tupu na sifuri hawajapatana. Kwa kawaida yake DHIS2 haihifadhi sifuri, ili kupunguza mzigo. Ukitaka muuguzi akiandika 0 hiyo 0 ibaki, msimamizi wa mfumo lazima aweke alama kwenye kisanduku fulani wakati wa kuandaa fomu. Asipofanya hivyo, kituo kilichosema kwa uaminifu "mwezi huu hakuna aliyeugua kipindupindu" kinaonekana sawa na kituo ambacho hakikusema lolote. Ni lile kosa la 2001 limegeuzwa kichwa chini. Na kama kawaida, limeelezwa vizuri kabisa kwenye mwongozo.

Kwa nini tujali? Kwa sababu namba hizi hazibaki kwenye kioo. Halmashauri zinapanga bajeti kwa kutumia programu ya PlanRep, ambayo toleo lake la mtandaoni lilizinduliwa Dodoma Septemba 2017 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mtu wa Ruangwa, jirani zetu. Kabla ya hapo maofisa mipango walikuwa wakisafiri hadi Dodoma na makabrasha ya bajeti. Sasa inakwenda haraka zaidi. Vizuri. Ila namba mbovu nayo inakwenda haraka zaidi. Kituo kisicho na watoto wa kuchanjwa kwenye kompyuta kinahitaji mitungi mingapi ya gesi? Mpangaji wa mbali atajibu kwa kile anachokiona.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hoja ilikuwa nyepesi na ya haki: mtu asihukumiwe kwa lugha asiyoielewa. Mimi naomba hoja hiyo hiyo ivuke barabara iingie kwenye chumba cha kompyuta. Mama mdogo naye alihukumiwa. Hakimu wake alikuwa kisanduku, na sheria iliyomtetea ilikuwa kwenye kitabu ambacho hakuna mtu kati ya zahanati na wizara aliyekifungua ukurasa husika.

Sipendekezi makubwa. Kila mfumo wa serikali unaonunuliwa au kutengenezwa, usipokelewe bila mwongozo wa Kiswahili, na mwongozo huo aujaribu mtu wa zahanati kwanza, si mtu wa makao makuu. Na ndani yake ukurasa wa kwanza uulize swali moja: ukiwa huna cha kuandika, je, ni kwa sababu hakikutokea, au ni kwa sababu hukuweza?

Nilimuuliza mama mdogo kama aliijibu barua ile. Akasema aliijibu siku hiyo hiyo, ukurasa mmoja, akaelezea gesi. Hakupata majibu. Robo iliyofuata friji bado lilikuwa kimya, na fomu ikafika tena mezani kwake.

"Ukaandika nini?"

"Niliandika sifuri, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka kujieleza."